Kurasa Tisini na Nne

Simu ilimkuta fundi amelala chali chini ya meza ya mapokezi ya hospitali, tochi mdomoni, akitafuta waya uliotafunwa na panya. Kwa kawaida hakupokea simu akiwa kazini. Lakini alipoona jina la dada yake aliitema tochi ikabingirika huko. Dada hakuwa mtu wa kumpigia siku hizi. Tangu walipomzika binti wa dada huyo, miezi kumi na moja iliyopita, walikuwa wakijuliana hali kwa ujumbe, tena ujumbe wa maneno matatu.

"Kompyuta imeganda," dada alisema. Hakuna hujambo, hakuna habari za kazi.

"Umezima ukawasha?"

Lilimtoka lenyewe. Ndilo swali lake la kwanza kwa kila mtu, awe daktari bingwa au mfagizi, mpaka hospitali nzima ikamwita Zima-Washa. Jina lake la kuzaliwa walilijua watu wawili tu, yeye na mkuu wa utumishi, na mkuu wa utumishi naye alikuwa akilisahau.

"Nikizima nimekwisha!" Sauti ya dada ilikuwa juu juu. "Maelezo yangu yote yamo humo. Maombi ya Chiriku! Mwisho saa kumi, na hapa hata herufi moja haisogei. Njoo."

Zima-Washa alitazama saa ya ukutani. Saa tisa kasoro dakika ishirini na tano. Aliuacha waya unaning'inia, akamwambia mhudumu wa mapokezi kwamba kuna dharura ya nyumbani, akatoka mbio na mkoba wake wa vifaa bila hata kujifuta vumbi mgongoni.

Sasa ni vizuri ijulikane mapema kilichokuwa mezani siku ile, maana watu wengine hudhani kompyuta ikiganda kinachopotea ni michezo na picha. Chiriku ni mtoto wa miaka sita, mjukuu wa dada, na aliitwa hivyo kwa sababu anaongea kuanzia anapofumbua jicho hadi anapolifumba. Mama yake alipofariki, baba naye akiwa ameshatangulia, mtoto alibaki kwa bibi yake, na hakuna aliyefikiria habari ya karatasi. Ghafla baba mdogo wa mtoto, mfanyabiashara wa mji wa mbali ambaye Chiriku alikuwa amemwona mara mbili tu, akajitokeza kumdai. Si mtu mbaya, tusimsingizie. Ana nyumba kubwa na mke mpole. Ofisi ya ustawi wa jamii ikaamua kila upande ujaze maombi kwenye tovuti yao, mwisho saa kumi alasiri ya siku ile, na kesho yake asubuhi kamati ikae. Atakayechelewa hasomwi. Upande wa pili walikuwa wameshatuma tangu wiki iliyopita. Dada asipotuma, mwisho wa mwezi Chiriku anafungashiwa nguo zake.

Pikipiki ilimfikisha saa tisa na dakika mbili. Mlango ulikuwa wazi. Dada, mkunga mstaafu ambaye kwa miaka thelathini na tano alizalisha watoto bila mkono kutetemeka, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta kwenye meza ya dirishani, mikono yote miwili juu ya mapaja, kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu. Miwani ilikuwa imemshuka hadi kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa hapa." Akamwachia kiti. "Na hicho kidude cha kuzimia, ukikigusa mimi na wewe basi."

Zima-Washa aliona haya kidogo, maana kidole chake kilikuwa kimeshaanza safari ya kuelekea huko.

Akatazama skrini. Fomu ya ustawi wa jamii ilionekana nusu, nusu nyingine nyeupe tupu. Mausi ukiisogeza, mshale unakaa kwanza unafikiri, halafu unaruka. Taa ndogo ya pembeni ilikuwa ikiwaka mfululizo bila kupumzika. Na kule juu, mahali panapokaa majina ya kurasa zilizofunguliwa, hapakuwa na majina. Palikuwa na vijistari vyembamba vilivyobanana kama meno ya kitana.

"Lahaula! Dada, kurasa zote hizi za nini?"

"Si uliniambia mwenyewe?"

"Nilikuambia nini?"

Dada alichukua daftari lake dogo, akalifungua ukurasa wa kwanza, akamsogezea puani. Kwa herufi kubwa, zimepigiwa mstari mara mbili: USIFUNGE KITU.

Akakumbuka, na masikio yakamwaka. Miaka miwili iliyopita dada alikuwa akimpigia kila baada ya siku tatu, mara ukurasa wa kanisa umepotea, mara ule wa dawa ya kikohozi hauonekani. Siku moja akiwa amechoka alimfokea: Dada, usifunge kitu! Ukifunga ndiyo kinapotea, wewe acha wazi tu. Kisha akaipanga kompyuta ifungue upya kila asubuhi kurasa zote za jana yake. Akaenda zake, amejiondolea usumbufu. Na mkunga akipewa maagizo huyafuata. Kwa miaka miwili hakufunga ukurasa hata mmoja.

"Kila ukurasa unakula memori, dada. Hata kama huutazami unakula tu. Na hii mashine memori yake ni ndogo."

"Uliileta wewe pia."

Kweli aliileta yeye. Hospitali ilikuwa ikiitupa. Akauliza swali ambalo jibu lake alilijua.

"Maelezo una nakala? Kwenye karatasi, kwenye daftari, popote?"

Dada alitikisa kichwa. Baba yao alikuwa akiwaandikia watu barua nje ya posta, na hakuna siku aliandika barua akainakili. Aliamini kwamba mtu akiandika mara ya pili anaanza kujipamba. Watoto wake wote wawili wakaichukua tabia hiyo. Hata Zima-Washa ripoti zake za ufundi anaziandika mara moja, na makosa yake humo humo. Kwa hiyo maelezo ya dada, ya asubuhi nzima, yalikuwa ndani ya kisanduku kile kwenye skrini na si mahali pengine popote duniani.

"Haya," akasema. "Tutaenda polepole."

Moyo wake haukuwa ukienda polepole hata kidogo. Alianza na vitu vya nje ya kivinjari: programu ya kupiga simu za video, ya kuchapishia picha, na moja ya kalenda ambayo hakuna aliyewahi kuiomba. Kila moja alipoiambia ijifunge ilichukua dakika nzima kusikia. Dada alisimama nyuma yake akimpumulia kisogoni.

"Dada, kaa basi."

"Nimekaa vya kutosha."

Saa tisa na dakika kumi na tatu. Akabonyeza vitufe viwili vya kibodi vinavyoita orodha ya ndani ya kivinjari, ile inayoonyesha kila ukurasa na kiasi cha memori unachokula. Watu wengi hawajui kama ipo. Kidirisha kikaja cheupe, kikakaa cheupe, kisha majina yakaanza kujitokeza moja moja. Akayahesabu kwa macho. Kurasa tisini na nne.

Iliyoongoza kwa ulafi ilikuwa redio ya nyimbo za dini, inayojirusha yenyewe tangu mwaka juzi, sauti imezimwa.

"Hii naimaliza."

"Imalize. Watanisamehe."

Akaimaliza. Ikafuata video ya kushona mapazia. Ikafuata kurasa tatu za utabiri wa hali ya hewa, zote za mji mmoja. "Presha na mazoezi ya viungo." "Mtoto anayeuliza mama yuko wapi, umjibu nini." "Mtoto wa miaka sita anayekojoa kitandani baada ya msiba." "Bibi anaweza kunyimwa mjukuu?" Hizi za mwisho alizifuta harakaharaka, na dada naye akajifanya anatazama nje dirishani.

Mausi ilianza kutii. Alikuwa ameshashuka hadi kurasa thelathini hivi, ameanza hata kupumua, alipofika mahali kidole kikasita hewani.

Majina matano yaliyofanana. Maombi ya Malezi. Maombi ya Malezi. Maombi ya Malezi. Mengine mawili chini.

"Dada, fomu uliifungua mara ngapi?"

"Kila nilipoingia. Jumatatu, Jumanne... Si nimeambiwa nisifunge?"

Moja tu kati ya hizo tano ndiyo ilikuwa na maelezo. Na Zima-Washa, ambaye amefanya kazi hii miaka ishirini na sita, alijua jambo moja: memori ikibana, kivinjari huzikusanya pamoja kurasa za tovuti moja kama kuni kwenye mzigo, ukiua mmoja unaweza kuwa umeua zote. Angekuwa amechelewa sekunde moja kusoma, kidole chake kingeshabonyeza. Alirudisha mkono mfukoni.

"Tano hizi hatuzigusi," akasema. "Zibaki zote."

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Zibaki tu."

Akaendelea na zilizosalia. Saa tisa na nusu, lile eneo jeupe likajaa, na maneno ya dada yakatokea kwenye kisanduku, mistari minane kwa wakati mmoja. Dada alitoa sauti ambayo fundi hakuwahi kuisikia kwake, hata siku ya mazishi.

Hakufurahi mapema. Kwanza alitoa simu yake akapiga picha mistari ile minane, akashusha, akapiga minane mingine, endapo mashine ingekata roho katikati. Ndipo alipojikuta anasoma.

"Mjukuu wangu halali mpaka nimhesabie vidole vya miguu, kumi vyote, na nikiruka kimoja ananiambia nianze upya. Anaogopa sauti ya mashine ya kusagia matunda. Ameacha kuuliza mama yake anarudi lini, na mimi nilikuwa nimezoea kujibu. Nina miaka sitini na sita. Nina presha na ninakunywa dawa kila asubuhi. Nawaambia mwenyewe ili msije mkaambiwa na mtu mwingine."

Macho yalimchoma. Akachagua maneno yote, akayanakili, akafungua ukurasa mtupu wa kuandikia, akayabandika. Yakaja. Yote, mpaka nukta ya mwisho. Akayahifadhi, akayahifadhi tena kwenye kidiski cha mfukoni, na kama angeweza angeyahifadhi na kwenye soksi.

"Tumeyapata, dada. Sasa tunatuma."

Akarudi kwenye fomu, akabonyeza Tuma. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukaleta maneno mekundu: Umekaa muda mrefu bila kufanya chochote. Tafadhali ingia upya.

"Nini tena?" dada aliuliza.

"Imekutoa. Ukikaa bila kugusa inakutoa. Simu yako iko wapi? Wataleta namba ya kuingilia."

Simu ilikuwa jikoni, imeishiwa chaji tangu alipompigia. Kidogo dada alie. Wakaichomeka, wakaisubiri iwake, huku fundi akigonga goti chini ya meza. Saa tisa na dakika arobaini. Namba ikaja, sita mbili nane na nyingine tatu, dada akaisoma vibaya mara ya kwanza kwa sababu ya miwani, mara ya pili akaisoma vizuri. Wakaingia. Fomu ilikuwa tupu kabisa, kama haijawahi kuguswa na mtu. Je, kama asingenakili!

Akayabandika maelezo. Dada akamtajia mengine naye akaandika: tarehe za kuzaliwa, shule, namba ya kitambulisho, jina la daktari. Vidole vilikimbia. Saa tisa na dakika arobaini na tisa akafika kisanduku cha mwisho, chenye nyota nyekundu.

Mlezi mbadala, endapo mwombaji ataugua au kufariki. Awe ndugu wa damu. Aeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini amekubali.

"Hapa uliandika nani?"

Dada akapandisha miwani yake puani.

"Dada! Dakika zinakwenda. Uliandika nani?"

"Hapo sikuandika."

Fundi akageuka na kiti chake. "Maelezo uliyamaliza saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Saa nne! Na kompyuta imeganda saa ngapi?"

"Saa nane." Alikuwa akikunja na kukunjua upindo wa kanga yake. "Nilikaa hapa natazama hicho kisanduku. Nikasema nitakupigia. Nikasema sikupigii. Ulishasema lako, kwa nini nikulazimishe? Kompyuta ilipoganda nikapata sababu ya kukupigia, basi."

Zima-Washa alijua alilosema. Ilikuwa siku ya tatu baada ya mazishi, sebule imejaa ndugu, mjomba wao mkubwa akauliza nani atamsaidia dada na mtoto. Wote wakamgeukia yeye, hana mke, hana mtoto, ana kazi. Akatazama viatu vyake akasema, "Mimi mtoto simuwezi jamani, mimi mtu wa mashine." Watu wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani. Dada hakucheka.

"Tumweke binamu," akasema sasa, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

"Binamu yuko nje ya nchi."

"Mjomba je?"

"Mjomba ana miaka themanini na mbili." Dada akavuta kiti cha plastiki, hatimaye akakaa. "Sikiliza, mdogo wangu. Usiandike kwa sababu ya saa. Kamati itakupigia, itakuja hata kwako, na mtoto ataulizwa. Ukiandika la kunifurahisha mimi halafu kesho ukaruka, watamchukua na mimi nitaonekana mwongo. Kama huwezi, niambie huwezi. Tutajua la kufanya."

Hakukuwa na la kufanya, na wote wawili walijua. Kisanduku kile kikiwa kitupu fomu haiendi.

Saa tisa na dakika hamsini na mbili. Aliogopa, tusidanganyane. Aliogopa kuliko alivyoogopa kompyuta yoyote. Anaishi chumba kimoja chenye mashine zilizopasuliwa hadi chini ya kitanda. Hajui kusuka nywele za mtoto. Hajui mtoto akilia usiku unamwambia nini. Na dada yake ana miaka sitini na sita na presha, kwa hiyo kisanduku hiki hakikuwa cha kujazia fomu tu. Siku moja mtu anaweza kugonga mlango wake huku amemshika Chiriku mkono.

"Nipishe niandike," akasema.

"Unaandika nini?"

"Dada, nipishe!"

Akaandika kwa mtindo wa nyumbani kwao, mara moja, bila kurudi nyuma:

"Mimi ni mdogo wake mwombaji. Ni fundi wa kompyuta. Baada ya mazishi niliulizwa mbele ya familia nikasema mtoto simuwezi. Nilisema kwa woga, na tangu siku hiyo naona haya kufika nyumbani kwa dada yangu. Woga bado ninao. Sijui kulea. Lakini leo nimesoma aliyoyaandika dada na nimeona mtoto huyu ana mtu anayemjua mpaka vidole vyake, na mtu huyo akianguka haifai mtoto aanze kujulikana upya na wageni. Nitajifunza kwa dada angali yupo. Nitahamia karibu. Nimekubali, na mkinipigia nitasema hivi hivi."

Akaweka jina lake, lile la kuzaliwa. Saa tisa na dakika hamsini na sita. Alihisi dada anasoma begani kwake na hakuthubutu kugeuka. Akabonyeza Tuma.

Duara likaanza kuzunguka. Dada alimshika bega, kucha zikamwingia kupitia shati. Saa tisa na dakika hamsini na saba. Linazunguka. Fundi alikuwa anaiomba mashine ile kwa majina yote anayoyajua, ya heshima na yasiyo ya heshima. Hamsini na nane. Skrini ikawa nyeupe, na wote wawili wakaacha kupumua.

Maombi yako yamepokelewa.

Chini yake kulikuwa na namba ndefu. Dada aliinakili kwenye daftari lake, akaihakiki tarakimu kwa tarakimu kwa ncha ya kalamu, kisha akavua miwani, akajifuta uso kwa kanga.

"Kesho wanaweza kusema hapana," alisema.

"Wanaweza."

"Na yale uliyoandika, ya woga. Ulikuwa na haja gani ya kuwaambia?"

"Wewe umewaambia ya presha."

Nje watu walikuwa wakipita na mizigo yao, wanaongea kwa sauti, kama siku nyingine yoyote. Dada akanyoosha mkono akamkung'uta mgongoni lile vumbi la chini ya meza ya mapokezi, makofi makubwa makubwa ya mkunga, mpaka likaisha.

"Bado unaogopa?"

"Sana, dada."

"Haya." Alitafuta viatu vyake chini ya kiti, akaviacha. "Shule inatoka saa kumi na nusu. Mimi miguu haina nguvu leo."

Zima-Washa alisimama. Alichukua mkoba wake, akauweka chini tena, akaenda mpaka mlangoni akasimama hapo na mkono kwenye kitasa. Mtoto alikuwa anasoma shule ile mwaka wa pili sasa.

"Dada," akauliza, bila kumtazama. "Anatokea geti gani?"